Shangazi, marafiki wananiandalia bethidei ya siri usiku wa kuamkia pepa

Barua hii imefupishwa kidogo, na mambo yanayoweza kumtambulisha mwandishi yameondolewa.

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa mwaka wa tatu katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, nasoma uhasibu. Tuko kwenye UE, mitihani ya chuo ya kumaliza muhula, na kwetu wa mwaka wa tatu hii ndiyo mitihani ya mwisho kabisa. Alhamisi ya wiki hii natimiza miaka 23. Ijumaa saa mbili asubuhi nina pepa ya ukaguzi wa hesabu, ambayo naiogopa kuliko zote.

Tuko marafiki watano, wasichana wanne na kijana mmoja. Tulijuana kwenye foleni ya usajili mwaka wa kwanza na hatujaachana tangu siku hiyo. Tunapiga msuli wa kusoma pamoja kwenye vimbweta, zile meza za saruji za nje, boom (fedha ya mkopo) likikata tunachangiana unga na dagaa, mmoja akiumwa wengine wanalala naye zahanati. Tuna utaratibu wetu: bethidei ya mtu ikifika wengine wanachanga, keki inanunuliwa, mwenye siku anamwagiwa maji, halafu tunakwenda kula mahali. Mimi ndiye mtunza fedha na mara nyingi ndiye mpangaji. Nimewapangia wote wanne. Yangu haijawahi kufanyika kwa sababu kila mwaka inaangukia Julai, katikati ya UE. Mwaka wa kwanza walinitumia ujumbe. Mwaka wa pili tulikubaliana tufanye mitihani ikiisha, mitihani ikaisha, kila mtu akapanda basi akaenda kwao.

Mwaka huu wameamua, na wamenificha. Nimejua bila kuchunguza. N, ambaye tunalala chumba kimoja, alinipa simu yake nisome madesa (notsi) aliyotumiwa, ujumbe ukaingia hapo hapo machoni pangu. Wamefungua kundi la WhatsApp ambalo mimi simo. Alhamisi jioni wataniambia twende tukajisomee, kumbe bajaji zitatupeleka Sinza: kuku wa kuchoma, keki, muziki. Tukirudi hosteli ndoo za maji zinanisubiri. N ameandika, "Mpaka saa tano tutakuwa tumerudi." Shangazi, nawafahamu hawa. Hatujawahi kurudi saa tano.

GPA yangu hadi muhula uliopita ni 4.3. Daraja la kwanza linaanzia 4.4. Mama anauza vitumbua Makambako, na kila akipiga simu neno lake ni moja: maliza salama. Sitaki kumpelekea sababu ya keki.

Ila anayeninyima usingizi zaidi ni N. Mwaka jana alipata sup mbili, yaani mitihani ya kurudia. Katika ukaguzi kozi-weki yake, yaani alama za kazi za muhula, ni 17 kati ya 40, kwa hiyo anategemea sana zile 60 za UE. Akipata sup atalazimika kurudi mwezi wa tisa, wakati huo boom hakuna, na kwao hali ni ngumu. Pamoja na hayo yeye ndiye kinara wa mpango wote. Amechanga 20,000, na mimi ninayelala naye najua kwamba boom lilishamwishia, anakula mara moja kwa siku. Nikimwuliza kama amesoma ananijibu, "Tutaona."

Kuahirisha haiwezekani. Mwenzetu mmoja basi lake linaondoka Mbezi Ijumaa saa kumi jioni, mwingine Jumamosi alfajiri. Mimi na N tuna pepa ya mwisho Jumatatu. Baada ya hapo sijui kama tutakutana tena sote watano.

Nijifanye sijui, niende? Nikatae, waone naringa, mtu wa kitabu asiyejali watu? Sitaki kuwavunja moyo. Ila nikienda nitakaa pale natabasamu na kichwa kiko kwenye madesa. Na N akifeli nitajua kwamba alifeli kwa ajili yangu. Nisaidie kufikiri.

Binti wa Julai, Dar es Salaam

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Na pole, maana mtihani ungekutosha peke yake bila mzigo huu mwingine juu yake.

Kama nimekuelewa, una mambo matatu mkononi na umeyafunga kwenye kifurushi kimoja. Kuna siri uliyoigundua na hujui uifanyeje. Kuna pepa ya Ijumaa, pamoja na hiyo 0.1 ya GPA inayokutenganisha na daraja la kwanza. Na kuna N. Naomba tuyafungue, kwa sababu naona jibu la moja si lazima liwe jibu la mengine.

Kabla ya hayo, kuna sentensi yako moja iliyonisimamisha: "Yangu haijawahi kufanyika." Umeiandika haraka, ukatoa sababu, ukapita. Barua yako yote inaeleza wanachotaka wengine. Marafiki wanataka kukufurahisha, mama anataka umalize salama, N anataka jambo ambalo bado hatulijui. Wewe unataka nini? Sijaona mahali uliposema. Umehesabu michango ya wenzako miaka mitatu, umeagiza keki zao, umebeba ndoo za kuwamwagia maji. Sitashangaa ukiniambia kwamba uliposoma ule ujumbe kwenye simu ya N, moyo wako ulifurahi kabla haujaogopa. Kama ndivyo, hiyo furaha si kosa wala si utoto, hata mbele ya pepa ngumu. Na kama ulichohisi kilikuwa woga mtupu tangu mwanzo, hilo nalo ni jibu. Nakuomba ujiulize ukiwa peke yako, kwa sababu ukienda kuzungumza na wenzako bila kujua unataka nini, utarudi umekubali wanachotaka wao, kama ulivyozoea.

Tuje kwenye hofu ya kuonekana unaringa. Je, una uhakika kwamba wenzako wote wanne wanautaka mpango huu usiku huo? Nao wako kwenye UE. Nimeishi na vijana muda wa kutosha kujua kwamba kundi la watu watano linaweza kukubaliana jambo ambalo watatu kati yao hawalitaki, kila mmoja akinyamaza asionekane mharibifu. Inawezekana humo kwenye kundi lao yuko mtu anayeomba atokee wa kusema, "Jamani, Ijumaa kuna pepa." Inawezekana pia hayupo, wote wameiva kabisa na wanakusubiri wewe tu. Mimi siwezi kujua. Ila naona umeshawahukumu kwamba watakasirika kabla ya kuwapa nafasi, nao ni watu waliolala zahanati kwa ajili yenu ninyi kwa ninyi.

Upande wa pepa, wewe ni mhasibu, basi fanya hesabu. Hadi sasa unaogopa kwa kukisia. GPA yako ni wastani wa masomo yote ya miaka mitatu, kila somo kwa uzito wa yuniti zake. Somo moja likipanda kutoka B+ kwenda A linakuongezea pointi moja, lakini pointi hiyo inagawanywa katika mzigo wote ulioubeba tangu mwaka wa kwanza. Chukua karatasi leo, orodhesha yuniti zako, uone unahitaji gredi gani muhula huu ili ufike 4.4. Inawezekana ukagundua kwamba ukaguzi peke yake hauwezi kukupandisha wala kukushusha. Inawezekana ukakuta uko ukingoni kabisa na kila gredi ina uzito wake. Majibu hayo mawili yanaongoza kwenye Alhamisi mbili tofauti, na hutayapata kwangu.

Kitu ambacho ningekulindia zaidi ni usingizi. Saa mbili za mwisho za kujisomea usiku wa kuamkia pepa haziongezi mengi kwa mtu aliyesoma muhula mzima. Lakini yale uliyosoma yanatulia kichwani ukiwa umelala, na mtu mzima anahitaji walau saa saba. Pepa ni saa mbili, basi uamke saa kumi na mbili ili upate chai na ufike mapema, maana vyuo vingi havimruhusu mtu aliyechelewa zaidi ya nusu saa kuingia. Rudi nyuma saa saba: unatakiwa uwe umeshalala saa tano usiku. Hiyo ndiyo saa ambayo N anasema bajaji zitakuwa zinarudi, na hapo bado maji.

Na hayo maji nayafikiria kwa namna yake. Najua ni shangwe, na asiyemwagiwa huona kama hakukumbukwa. Lakini ni Julai, kipupwe, usiku, pengine umesukwa na nywele zitalala mbichi. Sakafu za hosteli zikilowa zinateleza, na mkono wa kuandikia ni mmoja. Tena vyumba vya jirani kuna watu wenye pepa zao za asubuhi ambao hawajachanga wala hawajaalikwa. Ukipata nafasi ya kusema jambo moja tu kuhusu mpango huo, hili la ndoo linaweza kuwa rahisi kulitoa, kwa sababu halikatai sherehe.

Sasa N. Hapa nataka twende polepole.

Umesema akifeli utajua kwamba alifeli kwa ajili yako. Mwanangu, kozi-weki ya 17 ilipatikana kabla ya keki yoyote. N anazijua alama zake kuliko wewe. Swali linalonisumbua ni hili: mtu mwenye hofu kubwa ya pepa anawezaje kuwa kinara wa sherehe ya usiku wa kuamkia pepa hiyo hiyo? Naona majibu kadhaa. Pengine anakimbia kitabu, kwa sababu kupanga sherehe kunampa kazi anayoiweza, na kitabu kinamkumbusha asichokiweza. Pengine amekata tamaa kimoyomoyo na lile "tutaona" ni neno la mtu aliyeacha kupambana. Pengine hakuna lolote kati ya hayo. Pengine anaona amekuwa anapokea kutoka kwako miaka mitatu, unga wako, dagaa wako, mipango yako, na hii ndiyo nafasi yake ya mwisho ya kukurudishia. Shilingi 20,000 ni posho ya chakula na malazi ya siku mbili kwa mwanafunzi wa mkopo. Mtu anayekula mara moja kwa siku hatoi kiasi hicho kwa mzaha.

Unaona basi kwamba kila sababu inataka mazungumzo ya aina yake. Anayekimbia kitabu anaweza kufurahi ukimwambia, "Leo usiku tusome sura hizi tatu za ukaguzi mimi na wewe, unieleze mimi." Aliyekata tamaa anahitaji kwanza mtu wa kumsikiliza, na pengine mshauri wa wanafunzi hapo chuoni, kwa sababu kuna hatari kubwa kuliko kufeli. Mtu aliyekata tamaa anaweza kuona heri asiingie kabisa kwenye chumba cha mtihani, na kanuni za vyuo vingi humhukumu aliyekosa mtihani bila ruhusa kwa ukali kuliko aliyefeli. Wengine huondolewa masomoni. Anayelipa fadhila naye, ukimkatalia vibaya, atasikia kwamba fedha yake haikutosha au kwamba unamwonea huruma. Huruma ya rafiki anayelala kitanda cha pili huuma. Wewe unayemsikia anavyogeuka usiku ndiye unayeweza kunusa ni lipi. Ukikosea kunusa, anaweza kujifungia. Ukinyamaza, atafika Ijumaa na hilo hilo "tutaona" lake. Hatari iko pande zote mbili na sitakudanganya kwamba kuna njia isiyo na hatari.

Vipi kuhusu siri yenyewe? Unaweza kuitunza na kwenda, ukashangaa kama mtu anayeshangaa kweli. Utawapa furaha waliyoitafuta, nawe utapata usiku ambao hujawahi kupewa. Ila umeniambia mwenyewe kwamba utakaa pale unatabasamu na kichwa kiko kwenye madesa, na wanaokujua miaka mitatu watauona uso huo. Ukichagua njia hii, basi uende kweli. Kujisomea kwako kuishie Alhamisi mchana, na uwe umejiandalia njia ya kurudi kwa saa unayoitaka hata wengine wakibaki.

Unaweza kuwaambia wote. Utapunguza uzito kifuani, lakini kwa mara moja utawaharibia siri waliyoijenga, na N atakuwa ndiye aliyeivujisha kwa simu yake. Fikiria atajisikiaje mbele ya wenzake.

Unaweza kumtafuta mmoja, mtu mtulivu katika hao wanne, umwambie kwamba umejua na kwamba unaomba jambo dogo: waanze mapema, au wasiende mbali, au ndoo ziachwe. Yeye anaweza kulisema humo kwenye kundi kama wazo lake. Njia hii inalinda heshima ya kila mtu, N akiwamo. Kasoro yake ni kwamba sasa kutakuwa na siri ndani ya siri, na siku ikijulikana, mwingine anaweza kuona mlimzunguka. Mtazame vizuri huyo utakayemchagua.

Umeniambia kuahirisha haiwezekani, nami nimezirudia saa zako. Pepa ni saa mbili. Ikiwa inachukua muda wa saa tatu, saa tano asubuhi mko nje. Basi la kwanza ni saa kumi jioni kutoka Mbezi. Katikati hapo kuna muda, mfupi lakini upo, na wote watano mnakuwa bado mjini. Unaweza kula mihogo ya Coco Beach mchana na bado mwenye safari akawahi, ingawa foleni ya Dar siiwekei dhamana, na anayesafiri atakuja na mabegi yake. Hatari nyingine ni kwamba pepa ikimwendea mtu vibaya, mchana huo utakuwa mzito, hasa akiwa ni N. Ninyi wawili mna Jumatatu pia. Lakini sherehe ya mchana kweupe, pepa ikiwa imeshapita, sijui kama mmewahi kuifikiria au ilitupwa kwa sababu bethidei "lazima iwe tarehe yenyewe".

Au Alhamisi hiyo hiyo, saa kumi na moja jioni, hapo hapo kwenye vimbweta: keki, picha, dua au sala kwa wanaosali, saa moja kila mtu kwenye kitabu chake. Inagharimu kidogo, na pengine nusu ya ile 20,000 inarudi kwa N bila mtu kumtamkia neno. Ugumu wake ni kwamba kikao cha marafiki kikinoga hakuna anayetazama saa. Angalau mmoja wenu akubali kuwa mkorofi wa siku.

Kuhusu kutokutana tena, sina la kukuahidi. Mtu wa Bukoba akienda Bukoba ameenda. Lakini kuna mahafali mbele yenu, na wote mkifaulu mtavaa majoho siku moja. Natamani N awe kwenye picha hiyo, na najua unatamani kuliko mimi.

Njia sitakuchagulia, kwa sababu anayejua uso wa N asubuhi, na anayejua umeiva kiasi gani kwenye ukaguzi, ni wewe. Ninaloweza kukuazima ni maneno, kama utaamua kuzungumza naye. Jaribu kuanza na lile lililo la kweli kwako: "N, miaka yote mitatu nimetamani mnifanyie bethidei na nimeona aibu kusema. Na nina hofu na Ijumaa. Wewe unaionaje?" Halafu nyamaza, hata kama atachelewa kujibu. Usitaje kundi la WhatsApp wala ule ujumbe, isipokuwa ataanza yeye.

Keki huagizwa siku moja au mbili kabla na kianzio hakirudi, kwa hiyo kama utasema lolote, liseme kabla ya Jumatano mchana. Niandikie ilivyokuwa, na uniambie habari za N pia. Heri ya miaka 23, mwanangu.

Shangazi